Pointi sifuri siku ya kwanza: ni mchezo wa video unaohukumiwa, au mtu aliye ndani yake?

Tarehe 19 Juni 2020, mchezo wa video unaoitwa The Last of Us Part II ulianza kuuzwa kwa ajili ya mashine ya PlayStation 4. Kuumaliza kunaomba masaa zaidi ya 20. Lakini kabla siku hiyo haijaisha, maelfu ya watu walikuwa tayari wameandika maoni yao kwenye Metacritic, tovuti inayokusanya pointi za michezo, na wengi kati yao waliupa 0 kati ya 10. Wahakiki wa magazeti, ambao walikuwa wamepewa mchezo mapema na kuucheza hadi mwisho, walikuwa wameupa wastani wa zaidi ya 90 kati ya 100. Wastani wa wachezaji wa kawaida ukashuka chini ya 4 kati ya 10.

Namna gani mtu anaweza kuhukumu kazi ya masaa 20 wakati yeye mwenyewe amekaa nayo masaa matatu, au hakukaa nayo hata kidogo? Wengi kati ya wale walioandika siku hiyo hawakuhukumu mchezo. Walihukumu habari waliyosikia juu ya mchezo.

Ikumbukwe kwamba mwezi wa Aprili mwaka huo sehemu za hadithi zilivuja na kusambaa kwenye intaneti. Kuna waliokasirika kwa sababu ya kifo cha Joel, mhusika waliyempenda tangu mchezo wa kwanza wa mwaka 2013. Hasira hiyo inaeleweka. Inahusu hadithi, na kila msomaji wa hadithi ana haki ya kusema mwandishi amekosea njia. Lakini kuna waliokasirika kwa jambo lingine. Uvumi ulienea kwamba Abby, mwanamke mwenye misuli mikubwa ambaye mchezaji anamwongoza kwa karibu nusu ya mchezo, ni mtu aliyebadili jinsia. Uvumi huo ulikuwa uongo. Anayehusika na jambo hilo katika hadithi ni kijana mwingine, Lev, mwenye miaka 13. Watu walimchukia mhusika mmoja kwa sababu ya mwingine, kabla ya kumwona yeyote kati yao.

Matokeo hayakubaki kwenye pointi. Laura Bailey, mwigizaji wa Marekani aliyempa Abby sauti yake, alionyesha hadharani mwezi wa Julai 2020 ujumbe wa vitisho vya kumuua aliokuwa akipokea. Mama huyo hakuandika hadithi. Alisoma maneno aliyopewa. Pale ndipo pointi sifuri inapoweza kufika inapoandikwa kwa chuki.

Neno lenyewe

Kabla ya kuendelea, inafaa neno lieleweke. Mtu aliyebadili jinsia ni yule ambaye alipozaliwa aliandikwa kuwa mtoto mwanamume, lakini yeye anajijua na anaishi kama mwanamke, au kinyume chake. Wengine hupitia matibabu, wengine hapana. Kuna pia wale ambao hawajihesabu kuwa wanaume wala wanawake. Katika nchi nyingi za Afrika ya kati jambo hili halizungumzwi mezani, na jamaa nyingi, za Kikristo na za Kiislamu, hazilikubali. Hilo linajulikana. Lakini michezo ya video inatengenezwa Japani, Marekani, Canada, Ufaransa, Ubelgiji na Poland, na vijana wa Goma, Bukavu, Bunia, Uvira na Lubumbashi wanaicheza kama wenzao wa kule. Wanasoma pia maoni ya wenzao kabla ya kutumia megabaiti zao kupakua kitu. Basi mjadala huu unawafikia, wapende wasipende, na ni heri uwafikie ukiwa na ukweli ndani yake.

Kutoka kichekesho hadi mtu

Wahusika wa namna hii hawakuanza jana. Mwaka 1988, kampuni ya Nintendo ilipouza Super Mario Bros. 2 huko Marekani, kijitabu cha maelezo kilimweleza Birdo, adui mwenye rangi ya waridi anayetema mayai, kuwa ni mwanamume anayejiona msichana na anayependelea kuitwa kwa jina lingine. Ilikuwa ni mzaha wa mistari miwili. Mwaka uliofuata, Capcom ya Japani ilitoa Final Fight, mchezo wa kupigana mitaani. Ndani yake kulikuwa na Poison, adui mwenye nywele za waridi. Mchezo ulipohamishiwa kwenye mashine ya Super Nintendo kwa ajili ya Marekani, Poison na mwenzake Roxy waliondolewa na nafasi yao ikachukuliwa na wanaume. Hofu ilikuwa kwamba Wamarekani hawatapenda kuona wanawake wakipigwa. Jibu lililotolewa kwa hofu hiyo, kwamba Poison si mwanamke kamili, lilibaki likimfuata mhusika huyo kwa miaka mingi. Kwa maneno mengine, alionekana kuwa mtu anayeweza kupigwa bila aibu.

Kwa muda mrefu basi, mtu wa aina hiyo aliingia katika mchezo kwa milango miwili tu: mlango wa kichekesho na mlango wa adui. Hakuna aliyeandika hadithi yake kama ya mtu mwenye mama, kazi, woga na marafiki.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 2014, studio ya BioWare ya Canada ilimweka Krem katika Dragon Age: Inquisition. Krem ni askari, makamu wa kamanda wa kikosi cha mamluki, aliyezaliwa msichana na anayeishi kama mwanamume. Wachezaji wengi walimpenda kwa sababu rahisi: kwanza ni askari hodari na mtu wa mzaha, na habari ya maisha yake inakuja baadaye, mchezaji akitaka kuuliza. Hata hivyo kulikuwa na lawama pia, na ya haki: sauti yake ilitolewa na mwigizaji mwanamke, na baadhi ya watu waliobadili jinsia waliuliza kwa nini hawakutafuta mmoja wao.

Miaka 6 baadaye lawama hiyo ilikuwa imesikika. Lev alipewa sauti na Ian Alexander, mwigizaji ambaye mwenyewe amebadili jinsia. Mwezi wa Agosti 2020 studio ya Dontnod ya Paris ilitoa Tell Me Why, hadithi ya mapacha wanaorudi katika nyumba ya mama yao huko Alaska. Mmoja wa mapacha hao, Tyler, amebadili jinsia, na mchezaji ndiye anayemwongoza. Kwa mchezo wa studio kubwa hilo lilikuwa jambo jipya. Watengenezaji waliomba ushauri kwa shirika la Marekani GLAAD, na pia kwa watu wa kabila la Tlingit, kwa sababu hadithi inapita katika ardhi yao. Walitangaza mapema kwamba jina la zamani la Tyler halitatajwa popote katika mchezo, na kwamba hadithi yake si ya mateso peke yake.

Halafu kuna Celeste, mchezo mdogo wa mwaka 2018 juu ya msichana Madeline anayepanda mlima huku akipigana na wasiwasi wa moyo wake. Ulipata tuzo ya mchezo bora wa kujitegemea katika The Game Awards za mwaka huo. Mwaka 2020, Maddy Thorson, aliyeongoza kazi hiyo, alieleza kwamba Madeline ni mtu aliyebadili jinsia, na kwamba yeye mwenyewe Thorson alikuja kujielewa hivyo baada ya kuutengeneza. Maelfu ya watu walikuwa wameupanda mlima ule na kuusifu bila kujua. Je, mchezo ulikuwa mbaya zaidi siku walipojua? Miamba ilikuwa ileile, na vidole viliumia vilevile.

Kosa la haraka, na kosa la kusifu bure

Haimaanishi kwamba kila mhusika wa namna hii ameandikwa vizuri. Mwaka 2016, studio ya Beamdog ilitoa Siege of Dragonspear, nyongeza ya mchezo wa zamani Baldur's Gate. Ndani yake kuna Mizhena, mwanamke wa ibada. Mchezaji akimuuliza tu juu ya jina lake, anaeleza papo hapo kwamba alilelewa kama mvulana. Baada ya maneno machache hayo hana mengi ya kusema. Tovuti zilijaa pointi za chini kwa siku chache, na nyingi zilikuwa za matusi. Lakini katikati ya makelele kulikuwa na lawama ya kweli: mtu hamwambii mgeni siri ya maisha yake dakika ya kwanza, na mhusika ambaye ana jambo moja tu la kusema si mtu, ni tangazo. Beamdog yenyewe ilikubali kwamba Mizhena alistahili kuandikwa kwa upana zaidi.

Hapo ndipo ubaya wa mvua ya sifuri unapoonekana. Yule aliyekuwa na lawama nzuri hakusikika. Maoni yake yalizama pamoja na ya wale waliokuja kutukana. Mwandishi wa mchezo akisoma maoni elfu moja na mia tisa ni matusi, atafunga tovuti na kwenda kulala. Chuki haimsaidii hata mtu anayetaka kulaumu.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Kuna wahakiki wanaosifu mchezo kwa sababu tu mtu fulani amewekwa ndani, bila kuuliza amewekwa namna gani. Lev mwenyewe aligawanya watu waliobadili jinsia: wengine walifurahi kumwona kijana jasiri na mwenye upole, wengine walisema mateso yake yanaonyeshwa ili mchezaji amhurumie Abby, na kwamba maadui wanamwita mara kwa mara kwa jina asilolitaka. Hiyo ni hoja ya ufundi. Inahusu nani anabeba hadithi na nani anabebwa. Mhakiki anayesema tu « safi sana, yupo » hajamsaidia mtu yeyote, wala mnunuzi, wala mtu aliyeonyeshwa.

Majini wanaosema Kiswahili

Msomaji wa Kivu, Ituri au Katanga anaweza kusema: hayo ni mambo ya ng'ambo. Lakini kuna mchezo mmoja unaomhusu moja kwa moja.

Mwaka 2009 Capcom ilitoa Resident Evil 5. Hadithi inapita Kijuju, mahali pa kubuni barani Afrika. Mwanajeshi mzungu kutoka Marekani anaingia na kuua umati wa watu walioambukizwa. Maadui hao wanaitwa Majini, na wanaposhambulia wanapiga makelele kwa Kiswahili. Kijuju inasemekana iko Afrika ya magharibi, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya sokoni wala ya nyumbani. Kwa aliyetengeneza, Afrika ilikuwa moja, na lugha yoyote ya Kiafrika ilitosha kutisha.

Picha za kwanza za mchezo huo zilipoonyeshwa mwaka 2007, mjadala mkubwa juu ya ubaguzi wa rangi ulizuka. Wachezaji wengi walijibu kwa neno ambalo leo linasikika tena juu ya watu waliobadili jinsia: « ni mchezo tu ». Lakini mtu wa Bukavu akisikia lugha anayoitumia kumwita mtoto wake chakulani ikitoka kwenye kinywa cha adui wa kuchinjwa, hawezi kusema ni mchezo tu. Yeye anasikia kitu ambacho mhakiki wa Uingereza au Marekani asiyejua Kiswahili hawezi kukisikia. Kwa huyo mhakiki ni makelele. Kwa huyu ni maneno.

Ndiyo maana swali la nani anaandika uhakiki lina uzito. Mtu aliyebadili jinsia anamwona Poison, Mizhena au Tyler kwa jicho ambalo wengine hawana, kama vile Mcongomani anavyomsikia Majini kwa sikio lake. Halazimishwi mtu kukubaliana naye. Lakini kumfukuza kwenye mazungumzo ni kujinyima ushahidi.

Wacongomani wanajua pia kitu kingine: namna ya kuonyeshwa kwa sura moja. Katika filamu na vitabu vingi vya ng'ambo, jina la nchi yao linakuja pamoja na bunduki, wakimbizi na koltani. Hakuna harusi, hakuna soko la asubuhi, hakuna mwalimu anayesahihisha daftari. Mtu anayechoshwa na picha hiyo ataelewa upesi kwa nini wengine wanachoshwa kuonyeshwa kila mara kama mzaha, kama adui au kama mtu wa kulia tu.

Je, mhusika mmoja anaua mchezo?

Wanaotoa pointi sifuri wana hoja moja wanayoirudia: wachezaji hawataki mambo haya, na kampuni inayoyaweka inafilisika. Mfano wao wa karibu ni Dragon Age: The Veilguard, uliotoka tarehe 31 Oktoba 2024. Ndani yake kuna Taash, mpiganaji ambaye hajihesabu mwanamume wala mwanamke. Kwenye Metacritic pointi za wachezaji zilianguka sana. Mwezi wa Januari 2025 kampuni ya Electronic Arts ilitangaza kwamba mchezo umefikia wachezaji takriban milioni 1,5, karibu nusu ya matarajio yake.

Ni kweli, haukufanikiwa kama ilivyotarajiwa. Lakini sababu ni ipi? Mkuu wa kampuni hiyo, Andrew Wilson, alipoeleza mwezi uliofuata, alizungumzia wachezaji wanaotafuta michezo ya kucheza pamoja na wengine. Wachezaji wa zamani walilalamikia mazungumzo mepesi na maamuzi ya zamani yasiyokuwa na matokeo. Kuhusu Taash, kulikuwa na hoja inayoweza kujadiliwa: maneno yanayotumiwa ni ya leo, katika ulimwengu wa mazimwi na mapanga ambao una maneno yake. Krem, katika mchezo uliotangulia, alielezwa kwa neno la kabila la ulimwengu huo huo. Huo ni ulinganisho unaofundisha kitu, kuliko kelele.

Tena kuna mifano ya kinyume. Baldur's Gate 3, wa studio ya Larian ya Ubelgiji, ulitoka mwezi wa Agosti 2023. Unamruhusu mchezaji kuchagua mwili, sauti na jinsia kila kimoja peke yake. Ulishinda tuzo ya mchezo wa mwaka na kununuliwa na mamilioni. The Last of Us Part II wenyewe, pamoja na sifuri zote hizo, uliuza nakala zaidi ya milioni 4 katika siku tatu za kwanza na kupata tuzo hiyo hiyo mwaka 2020. Mchezo mzuri unauzwa, mchezo dhaifu unateseka. Mhusika mmoja hatoshi kueleza hili wala lile.

Na kanuni lazima iwe moja kwa wote. Mwezi wa Februari 2023 ulitoka Hogwarts Legacy, mchezo wa ulimwengu wa Harry Potter. Watu wengi waliobadili jinsia, pamoja na marafiki zao, waliomba usinunuliwe, kwa sababu ya misimamo ya mwandishi J.K. Rowling juu yao. Gazeti la Marekani WIRED liliupa 1 kati ya 10. Kususia ni haki ya kila mnunuzi. Hakuna anayelazimishwa kutoa pesa yake. Kueleza katika gazeti kwa nini pesa hiyo inaumiza ni haki pia. Lakini pointi ni kipimo cha kazi. Kama si haki kutoa 0 kwa sababu Lev yupo, si rahisi kutetea 1 ambayo sehemu kubwa ya uzito wake inatoka nje ya mchezo. Ikumbukwe kwamba ndani ya mchezo huo huo kuna Sirona Ryan, mama mwenye kilabu ambaye amebadili jinsia. Aliwekwa kwa nia njema au kwa kujikinga na lawama? Hilo ndilo swali ambalo mhakiki alipaswa kulichimba, na tarakimu peke yake hailijibu.

Pointi zina bei

Wengine watasema: maoni ya mtandaoni ni porojo za vijana, kwa nini kuyapa uzito? Kwa sababu tarakimu hizo zinalisha watu, au zinawanyima chakula. Fallout: New Vegas, wa mwaka 2010, unakumbukwa kwa jambo hilo. Studio iliyoutengeneza, Obsidian, ilikuwa imeahidiwa malipo ya ziada kama wastani wa wahakiki kwenye Metacritic ungefika 85. Ulifika 84. Malipo hayakutoka. Pointi moja.

Tovuti zenyewe zimetambua hatari. Mwaka 2017, Steam, duka kubwa la michezo ya kompyuta, lilianza kuonyesha grafu za maoni kwa siku, ili mnunuzi aone kama mvua ya lawama imenyesha ghafla. Mwaka 2019 liliamua kutohesabu maoni yasiyohusu mchezo wenyewe. Baada ya fujo za Juni 2020, Metacritic iliweka sheria kwamba mchezaji asubiri masaa 36 baada ya mchezo kutoka kabla ya kuandika. Lakini kuna tofauti kubwa iliyobaki: kwenye Steam lazima mtu awe na mchezo kwenye akaunti yake, na masaa aliyocheza yanaonekana kwa wote. Metacritic haiombi ushahidi huo. Masaa 36 yanapoza hasira kidogo, lakini hayamfanyi mtu ambaye hakucheza kuwa amecheza.

GLAAD, katika ripoti yake ya mwezi wa Februari 2024, ilisema kwamba asilimia 17 ya wachezaji wa Marekani wanajihesabu katika kundi la wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao, wakati michezo yenye wahusika au habari zao haifiki asilimia 2 ya ile inayouzwa kwenye mashine kubwa. Anayesema « wamejaa kila mahali » ahesabu kwanza.

Mzazi anaomba nini

Inabaki hoja ya mzazi, na ni hoja ya heshima. Baba au mama wa jamaa anayelipa umeme na intaneti ana haki ya kujua mtoto wake anaona nini. Uhakiki mzuri unamsaidia. Unamwambia: mchezo huu una damu nyingi, Ulaya umeandikiwa wenye miaka 18 na zaidi, ndani yake kuna kijana aliyebadili jinsia, na hadithi inamtetea. Kwa maneno hayo mzazi ataamua kulingana na imani yake na umri wa mtoto. Lakini uhakiki unaosema tu kwamba mchezo ni takataka ya watu fulani haumwambii chochote. Hajui kama kuna damu, hajui kama kuna mapenzi, hajui bei, hajui kama unafaa kwa kompyuta ya zamani aliyo nayo. Anajua tu kwamba mwandishi ana hasira.

Na kuna mtoto mwingine wa kufikiriwa, yule ambaye amekaa kimya kwenye benchi la salon ya michezo, na ambaye hakuna anayejua anajionaje moyoni. Yeye pia anasoma maoni. Anaposoma maelfu ya watu wazima wakisema kwamba mtu kama Lev hafai hata kuwa picha kwenye kioo, anajifunza kitu juu ya nafasi yake kati ya watu. Mzazi anayempenda mtoto wake, akubali au asikubali jambo lenyewe, hawezi kutaka mtoto wa mtu yeyote ajifunze hivyo.

Kwa kijana anayeandika maoni yake, iwe kwa Kiswahili, Kifaransa au Lingala, mambo machache yanatosha. Acheze kwanza, na aseme amecheza masaa mangapi. Aseme kama mikono inatii, kama hadithi inashika, kama mashine inakwama. Kuhusu mhusika aliyebadili jinsia, aulize maswali yale yale anayouliza juu ya mhusika mwingine yeyote: ana kazi katika hadithi? Ana kitu anachokitaka? Anachekesha kwa sababu ni mcheshi, au anachekwa kwa jinsi alivyo? Angeondolewa, hadithi ingepoteza kitu? Kama ameandikwa vibaya, aseme hivyo bila woga na aonyeshe mahali. Kama haamini mambo hayo, aandike pia kwamba haamini, kwa jina la imani yake, na asijifiche nyuma ya sifuri.

Na siku atakapofungua mchezo mwingine na kusikia adui akimfokea kwa Kiswahili kibovu, ataandika mistari mitano ya kueleza kosa liko wapi. Atapenda wasomaji wa Paris na Tokyo waisome hadi mwisho kabla ya kutoa pointi.